Mazungumzo ya Nyumbani: Neno "Chochote" katika Barua ya Kuombea Watoto



Mwezi uliopita tulipata barua ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye jina lake na mahali pake hatutavitaja kwa kuwa mwenyewe hakutupa ruhusa. Mto wa bonde lao ulifurika usiku, maji yakaingia vijijini, na nyumba nyingi za udongo zikalala chini. Watu wakakimbilia shuleni, maana shule imejengwa juu ya kilima, na hata siku ile alipotuandikia walikuwa wangali wakilala madarasani, wazee kwa watoto. Masomo yamesimama. Unga uliookolewa wapungua kila siku. Basi kamati ya kijiji imemwagiza mwalimu huyu aandike ombi kwa wafadhili, lile ambalo siku hizi huitwa andiko, naye ametuletea nakala yake ya kwanza pamoja na maneno haya: "Ndugu Mhariri, nakuomba uyapambe maneno yangu, kwa kuwa mimi si fundi wa lugha."

Nimeisoma nakala ile mara tatu. Lugha yake ni safi kuliko yangu. Yaanza kwa salamu ndefu, kisha yasema kwamba watoto wanateseka kupita kiasi, na machozi yao hayana mfano, na wengi hawana chakula na wengine ni wagonjwa. Yamalizika hivi: "Kwa hiyo twawaomba mtusaidie chochote mtakachojaliwa." Lakini katika kurasa zote mbili hamna hesabu ya watoto hata mahali pamoja. Sikuona umri wao, wala wanakula nini sasa, wala chakula kilichopo kitakwisha lini. Nimemjibu kwamba maneno yake hayahitaji pambo, na kwamba neno moja tu ndilo linalonisumbua, nalo ni hilo chochote.

Neno hilo ni neno la adabu; sisi sote tumelelewa nalo. Mtu akienda kwa jirani yake kuomba, hasemi, "Nipe vibaba viwili vya unga na robo chupa ya mafuta." Angesema hivyo angeonekana mkavu wa macho. Husema, "Nisaidie chochote," na jirani, ambaye ajua hesabu ya watoto wa mwenzake na hata mbuzi wake awajua mmoja mmoja, huingia ndani akapima mwenyewe. Adabu hiyo yafaa kwa sababu jirani anaona. Lakini mfadhili aliye mbali haoni. Hajui kama chungu chako ni cha watu watano au cha watu mia tano. Wazee walisema, mwomba chumvi huombea chungu chake; basi aombaye hana budi kukijua chungu chenyewe ukubwa wake.

Tena ukiomba chochote, huenda ukaletewa chochote kweli. Baada ya yale mawimbi makuu ya Bahari ya Hindi ya Desemba 2004, katika mizigo iliyomiminika Sri Lanka na Indonesia zilikuwamo nguo nzito za baridi, ingawa nchi hizo ni za joto, na dawa zilizokwisha muda wake. Watu waliokuwa na kazi ya kuwahudumia majeruhi ikawabidi waache kazi hiyo wapange maghala na kuchagua vya kutupa. Waliotuma walikuwa na huruma. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kinachotakiwa ni nini na kiasi gani.

Sasa nitasimulia habari ya zamani kidogo, maana kazi hii ya kuandika kwa ajili ya watoto walio taabuni ina wazee wake, na mmoja wa wazee hao alikuwa bibi wa Kiingereza jina lake Eglantyne Jebb. Vita Kuu ya kwanza ilisimama tarehe 11 Novemba 1918, lakini mataifa yaliyoshinda hayakufungua mara moja njia za meli za chakula kuingia Ujerumani na Austria. Vita vimekwisha, na njaa yaendelea. Huko Vienna watoto walikua miguu imepinda kwa kukosa chakula cha kujenga mifupa. Uingereza watu wengi hawakujua, na wengine walijua wakasema, hao ni wana wa adui, wavune walichopanda baba zao.

Dada yake Eglantyne, Dorothy Buxton, alikuwa na desturi ya kukusanya magazeti ya nchi za ng'ambo na kutafsiri habari zake, ili Waingereza wasome yale ambayo magazeti yao hayakuyasema. Hao ndugu wawili pamoja na wenzao wakachapa karatasi yenye picha ya mtoto wa Austria aliyedhoofika, kichwa kikubwa, viungo kama vijiti. Eglantyne akasimama akiigawa Trafalgar Square, mjini London. Kwa sheria za wakati ule wa vita, karatasi za namna hiyo zilipaswa kupata kwanza idhini ya serikali, nazo hazikuipata. Akakamatwa, akahukumiwa mwezi wa Mei 1919, akatozwa faini ya pauni 5. Husimuliwa kwamba mwendesha mashtaka mwenyewe alimtolea pauni 5 kutoka mfukoni mwake baada ya hukumu. Siku chache baadaye, tarehe 19 Mei, palikuwa na mkutano mkubwa katika jumba la Royal Albert Hall, na hapo ukatangazwa mfuko uitwao Save the Children Fund, yaani Mfuko wa Kuokoa Watoto. Mwishoni mwa mwaka huo huo Papa Benedict XV aliwaandikia maaskofu wake waraka wa kuwaombea watoto wa Ulaya ya kati, akaagiza sadaka ikusanywe tarehe 28 Desemba, siku ya kuwakumbuka Watoto Mashahidi waliouawa na Herode.

Watu wakiisimulia habari hii hupenda kuishia pale mahakamani, kwa kuwa ndipo penye kishindo. Mimi napenda zaidi yaliyofuata, ambayo hayana kishindo. Mwaka wa 1921 mvua zilikosa katika bonde la Volga nchini Urusi, baada ya miaka ya vita na ya kunyang'anyana nafaka, na mamilioni ya watu wakashikwa na njaa. Mfuko ule ukafungua majiko katika jimbo la Saratov. Huko Uingereza wako waliosema kwamba njaa hiyo ni uzushi. Kwa hiyo Mfuko ukampeleka mpiga picha za sinema akapige picha za njaa yenyewe na za majiko yakifanya kazi, kisha filamu hiyo ikaonyeshwa kwa watu, waamue kwa macho yao. Na hesabu ikatolewa: kumlisha mtu mmoja juma zima kuligharimu shilingi moja ya Kiingereza. Shilingi moja! Fundi wa viatu aliyesoma habari hiyo aliweza kuupima mfuko wake akajua, mimi naweza kumlisha mtoto mmoja hata Pasaka. Nani angeweza kupima hivyo akiambiwa tu kwamba machozi hayana mfano?

Bibi Jebb alishika sana jambo hili, kwamba huruma iendeshwe kwa akili na hesabu kama inavyoendeshwa kazi yoyote ya maana. Ndiye pia aliyetunga lile tamko fupi la vifungu vitano juu ya haki za mtoto ambalo Shirikisho la Mataifa lililipokea mwaka wa 1924 huko Geneva. Mojawapo ya vifungu hivyo chasema kwamba wakati wa dhiki mtoto awe wa kwanza kupata msaada. Alifariki mwaka wa 1928 mjini humo humo, akiwa na umri wa miaka 52. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1931, chama cha kimataifa alichokianzisha kiliitisha Geneva mkutano juu ya watoto wa Afrika.

Natoka Geneva narudi kwetu, na hapa yanipasa kukiri kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana mtu wa kufundisha asiyewahi kukosa. Nilipokuwa kijana nikifundisha, nyumba za kitongoji kimoja ziliungua kwa moto wa msitu, nami nikapewa kazi ya kuandika barua kwa chama kimoja cha misaada. Nikaandika "watoto zaidi ya 400." Hakuna aliyewahesabu. Nilikaa mezani usiku, taa inafuka moshi, nikaona 400 ni hesabu yenye uzito, basi nikaiweka. Mablanketi 400 yakaja, kwa kuwa watu wale walikuwa waaminifu. Tulipowapanga watoto mstari ili tugawe, walikuwa 263.

Mablanketi 137 yakabaki katika ofisi ya kijiji. Kamati ikagombana. Wengine walisema yagawiwe wazee, wengine yarudishwe, na kabla hawajapatana baadhi yalionekana sokoni. Mjumbe wa chama akaja, akauliza kwa upole kabisa, akaandika katika daftari lake akaenda zake. Mwaka uliofuata mvua zilikataa, njaa ikaja kweli, nasi tukaandika tena. Safari hii tulihesabu, tena tulihesabu vema. Tukajibiwa kwa mstari mmoja kwamba barua yetu imepokewa. Watoto waliokosa uji mwaka ule hawakuwa wamesema uongo wowote.

Kwa hiyo, Mwalimu, nimekuambia uanze na daftari kabla ya kalamu ya barua. Pita darasa kwa darasa, mahali wanapolala, na mtu wa pili awe nawe ili msihesabu mtoto mmoja mara mbili. Andika wangapi wana umri chini ya miaka 5, wangapi ni wa umri wa shule, wangapi wananyonya, wangapi hawana mzazi pamoja nao. Hao wa mwisho uwaandike peke yao, kwa kuwa shida yao ni tofauti na ya wengine, na afisa wa ustawi wa jamii apewe habari leo, si baada ya barua kujibiwa. Mwombe muuguzi wa zahanati aje na ule utepe wa kupimia mkono. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu haufiki milimita 115 yumo hatarini sana, na huyo ni wa kutibiwa, uji wa shule hautamtosha. Na aliye kati ya 115 na 125 naye ni wa kuangaliwa kwa karibu. Ukiandika "watoto 9 kati ya 71 tuliowapima wako chini ya milimita 115," (nasema hivi kwa mfano tu), daktari aliye mbali maelfu ya maili ataisoma sentensi hiyo akainuka kitini. Hahitaji kuambiwa kwamba inasikitisha.

Habari ya maji nayo isisahauliwe. Mashirika ya misaada yana vipimo walivyokubaliana, vilivyochapwa katika kitabu kiitwacho Sphere, na humo imewekwa kwamba mtu mmoja apate angalau lita 15 za maji kwa siku kwa kunywa, kupika na kuoga, na choo kimoja kisipite watu 20, ijapokuwa siku za kwanza za msiba huvumiliwa hata watu 50. Ukihesabu ndoo zinazopanda kilimani kila siku, kisha ukagawa kwa watu, utapata lita zako, na tofauti kati ya hizo na 15 ndiyo haja yako ya maji. Haitakuchukua nusu saa.

Baada ya kuhesabu watu ndipo hesabu ya vitu, na hapa nataka nikae kidogo, maana ndipo maandiko mengi yanapoanguka. Tuseme watoto ni 240 na mnataka kuwapa uji asubuhi. Mkikadiria gramu 100 za unga kwa mtoto, ni kilo 24 kwa siku. Kwa siku 5 za juma ni kilo 120, na kwa majuma 12 ni kilo 1,440, yaani magunia 29 ya kilo 50, na la mwisho halitajaa. Watu wengi hufika hapo wakaandika bei ya unga, wakaweka sahihi. Je, uji hupikwa kwa maneno? Wapi kuni? Wapi sukari na chumvi? Sufuria ya kupikia watoto 240 haipatikani katika nyumba ya mtu. Vikombe je? Na unga utatoka mjini kwa gari la nani, na barabara imekatwa na mto? Wapagazi wa kuvusha magunia kwa mtumbwi watataka ujira wao, nao ni haki yao. Tena wapishi. Sijui ni nani aliyetutia katika mazoea ya kudhani kwamba mama akipikia watoto wa jamii hachoki. Aamka saa kumi za usiku, akatoka jikoni saa nne, na shamba lake limechukuliwa na maji kama mashamba ya wengine. Mwekeeni posho katika makisio, mwiandike waziwazi. Mfadhili mwenye akili hataikata, na akiikata mtakuwa mmejua mapema.

Kila bei iwe na mahali ilipotoka. Nenda kwenye maduka matatu, uandike bei za maduka yote matatu na tarehe yake. Usiongeze juu kidogo "kwa sababu watapunguza tu." Najua wengi hufanya hivyo, hata watu wa heshima; lakini mara nyingi asomaye makisio ameyasoma mengine mia mwaka huo, naye ajua bei ya gunia kuliko unavyodhani. Akiiona moja imevimba, zote zinamtia shaka.

Tena yaandikwe yale ambayo watu wa kijiji wenyewe wameyafanya. Katika nakala ya Mwalimu hayamo, na nilipomwuliza alistaajabu, akasema, "Hayo nayo ni ya kuandika?" Kumbe familia za kilimani ambazo hazikupatwa na maji zimetoa mahindi debe 14. Vijana wamechimba vyoo viwili. Mama mmoja mwenye cherehani anashona magunia yawe mikeka ya watoto. Mwalimu aliona haya kuyataja, akidhani kwamba wakijua tuna debe 14 watasema hatuna shida. La, sivyo. Debe 14 zaonyesha kwamba wanaoomba wamesimama kwa miguu yao, na ukionyesha pia kwamba zitakwisha tarehe fulani, basi tarehe hiyo ndiyo itakayomharakisha msomaji.

Nimetaja kuharakisha. Hili nalisema kwa uchungu, kwa ajili ya jambo lililotokea jirani zetu wa kaskazini. Tangu mwezi wa Agosti 2010 wataalamu wa mvua na wa chakula walikuwa wakionya kwamba Somalia inaelekea kwenye njaa kubwa. Maonyo yakaandikwa, yakarudiwa. Mvua za mwisho wa mwaka zikakosa, na za mwaka uliofuata zikachelewa tena zikawa haba. Fedha zikaja polepole. Tarehe 20 Julai 2011 Umoja wa Mataifa ukatangaza rasmi kwamba sehemu mbili za kusini mwa nchi zimeingia katika baa la njaa; ndipo picha zikajaa magazetini, na fedha zikaja kwa wingi. Wakati huo familia zilikuwa zimekwisha kutembea majuma mazima kuelekea Dadaab, ndani ya Kenya, na wazazi wamekwisha kuzika watoto njiani. Uchunguzi uliotolewa mwaka wa 2013 ulikadiria kwamba watu 258,000 hivi walikufa, na zaidi ya nusu yao, kama 133,000, walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Sababu zilikuwa nyingi, na vita vilivyokuwako huko vilizuia misaada kuwafikia watu. Hatusemi kwamba ni kosa la maandiko peke yake. Lakini yule aliyengojea picha ndipo atoe, alitoa baada ya wengi kufa. Mwalimu anauliza kama si vizuri kungojea mpaka hali "ionekane vema" ndipo apeleke ombi. Apeleke juma hili. Kama hesabu haijakamilika, aandike kwamba ni ya vyumba sita kati ya nane, na ya viwili itafuata.

Sasa neno la picha. Mwalimu ametia katika bahasha picha nne za watoto, alizozipiga kwa simu yake. Tatu ni za kawaida. Ya nne ni ya mtoto wa kiume aliyelala juu ya gunia, hana nguo, nzi usoni, na nyuma ya picha ameandikwa jina lake kamili na la babaye. Najua kwa nini aliiweka. Bibi Jebb naye, miaka zaidi ya mia iliyopita, aliweka picha ya namna hiyo, na kwa picha ile aliwaamsha watu waliokuwa hawataki kuamka. Simlaumu. Walakini hakuna aliyemwuliza yule mtoto wa Austria wala mama yake. Tangu hapo mataifa yamekubaliana, katika Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka wa 1989, kwamba mtoto naye ana faragha yake na heshima yake ya kulindwa. Tena picha ya leo haikai katika karatasi moja, huenda dunia nzima na kukaa huko mpaka mtoto awe mtu mzima.

Niliwahi kuketi na mama mmoja aliyeshika karatasi ya kuombea fedha, iliyochapwa na watu waliokuwa wamepita kijijini kwao wakati wa njaa. Juu yake palikuwa na mwanawe, kifua wazi, mbavu zikihesabika. Mama yule hakuwa na hasira, au niseme hasira yake ilikuwa imekwisha kupoa. Aliniambia maneno machache tu: "Shati alikuwa nalo. Mimi ndiye niliyemfulia asubuhi ile. Walimwambia avue."

Ile picha ya nne nimemrudishia Mwalimu. Nimemwomba achague picha ambayo mzazi ameiona na kukubali baada ya kuelezwa itakwenda wapi, na mtoto mwenyewe, akiwa mkubwa wa kuelewa, ameulizwa pia. Jina la kweli lisiwekwe pamoja na jina la kijiji. Na kama ni habari ya ugonjwa au ya mtoto aliyetendewa mabaya, asionekane uso kabisa. Picha ya madarasa yenye mikeka imepangana ukuta hata ukuta, na vyungu vitatu nje, ingetosha. Msomaji angehesabu mikeka mwenyewe.

Mambo mengine nayapitia upesi. Andiko liseme kazi itaanza lini na kwisha lini, na siku itakapokwisha watoto watakula nini; kwa bonde la Mwalimu yaonekana mahindi ya muda mfupi, yakipandwa maji yakishuka, yatavunwa kama majuma 12 baadaye, na ndiyo sababu tuliweka majuma 12. Liseme nani atashika fedha, na wawe watu watatu wa kuweka sahihi, mmoja wao mwanamke anayepika au mwenye watoto humo madarasani. Liwepo daftari la mapokezi. Fedha ya unga isigeuzwe ikawa ya mabati bila idhini iliyoandikwa, hata kama mabati yanahitajika kweli. Na taarifa ipelekwe tarehe iliyoahidiwa, hata ikiwa ni ya kusema kwamba magunia mawili yalilowa mtoni yakaharibika. Hasa ikiwa ni ya kusema hivyo.

Kisha tumeketi, yeye kule na mimi hapa, kwa simu, tukaandika upya mwanzo wa barua. Salamu zimebaki, maana adabu ni adabu, ila zimekuwa mstari mmoja. Baada yake yafuata haya, pamoja na nafasi wazi za hesabu ambazo hatutazijaza kwa kukisia: "Tangu usiku wa tarehe fulani familia kadha wa kadha zinalala katika madarasa manane ya shule yetu. Humo wamo watoto kadha, na kati yao kadha hawajatimiza miaka 5. Mahindi tuliyochangiwa na majirani yatakwisha tarehe fulani. Twaomba magunia 29 ya unga, au kiasi kitakachoonekana baada ya hesabu, pamoja na gharama za kupika na kusafirisha zilizoonyeshwa katika ukurasa wa pili, ili kila mtoto apate kikombe cha uji kwa majuma 12."

Mwalimu aliposomewa hayo alinyamaza, akasema, "Lakini Mhariri, mbona haliliziki?" Nikamwambia aisome tena baada ya kujaza nafasi zile.

Jana jioni ameniletea ujumbe. Ameanza kuhesabu. Chumba cha kwanza walikuwamo watoto 31, ingawa yeye, anayelala chumba cha pili yake, alikuwa amedhani 20. Watatu hawajulikani ni wa nani. Amekwisha kumwita afisa wa ustawi wa jamii, na leo wanaendelea na chumba cha pili.